Boliti ya Kwanza

Watu wa Ujiji wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya shirika, kazi ambayo nusu ya mji ilikuwa inaililia, huwa najibu kwamba nilifukuzwa kwa wizi. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Niliiba kipande cha picha kutoka ukutani mwa ofisi, mchana kweupe, bisibisi mkononi, mlinzi ananitazama. Ningepewa nafasi leo, ningekiiba tena.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, ziwa linaleta watu na magari meupe yenye antena ndefu yanawafuata. Mji ulinenepa. Wenye nyumba Bangwe walipaka rangi kuta zao na kupandisha kodi, na sisi vijana wenye vyeti vya ufundi tukapata kazi ambazo baba zetu hawakuziota. Mimi nilikuwa fundi wa mawasiliano. Nilianza na simu za upepo, baadaye yakaja mambo ya mtandao: dishi kubwa uani, nyaya za buluu darini, na kompyuta zilizotakiwa kuzungumza na makao makuu huko Ulaya.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa ng'ambo ya ziwa, akaolewa Ujiji, na mpaka tunamzika alikuwa akisema "kwetu" huku ananyoosha kidole upande wa machweo. Kwa hiyo ofisini waliposema "hawa watu", mimi nilisikia wanamsema bibi. Labda ndiyo maana hasira yangu ilikuwa karibu kuliko ya wenzangu.

Kabati lilikuja kwa treni. Lilikuwa la chuma, refu kunizidi, la kupangia vifaa vya mtandao kimoja juu ya kingine. Ndani ya kabati la namna hiyo husimama nguzo nne nyembamba, mbili mbele na mbili nyuma, zenye matundu kutoka juu hadi chini. Kila kifaa kina masikio mawili ya bati. Unayalaza masikio juu ya nguzo, unafunga boliti, basi. Bila nguzo, kabati ni nyumba ya panya tu. Na la kwetu lilifika na nguzo moja. Tatu zilikuwa zimepotea njiani, pamoja na mfuko wa nati zake maalumu, zile zenye kijumba cha bati kinachojibana kwenye tundu la mraba. Nani alizichukua, Mungu anajua. Pengine mpaka leo kuna banda la kuku mahali fulani kati ya Tabora na Uvinza lililosimama kwa nguzo zetu.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mtanzania mwenzetu, wa kutoka Dar, mtu wa suruali zenye mikunjo mikali na maneno laini. Alikuwa anangoja wageni wa makao makuu. Waje, waone mtandao unafanya kazi, wampandishe cheo, ahame Kigoma asahau vumbi letu. Wala hakulificha jambo hilo.

"Mimi hapa napita tu, fundi," aliniambia. "Usiniangushe."

Kuagiza nguzo nyingine Dar kulikuwa na maana ya kungoja treni nyingine, na wageni wasingengoja treni. Nikaenda kwa wachomeleaji wa Mwanga. Umeme wa mji wakati ule ulikuwa wa majenereta, na majenereta yalikuwa yamekufa tena. Nilimkuta mchomeleaji amelala juu ya benchi lake. Alinijibu bila kuinuka, "Umeme ukirudi, njoo." Nikamuuliza utarudi lini. Akafumba macho.

Ndipo nikamkumbuka fundi wa boti.

Nilikuwa nimemwona kambini siku nilipokwenda kutengeneza simu ya upepo ya zahanati. Alikuwa anachonga madawati ya shule chini ya turubai, kwa kile kijihela ambacho mashirika yalikiita posho ili yasikiite mshahara. Ng'ambo alikuwa akiunda boti za mbao, zile kubwa za kubeba abiria na magunia ya dagaa. Alinionyesha kwa mikono jinsi ubavu wa boti yake ya mwisho ulivyopinda, nusura anizabe kofi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ubishi, anayemsema kila mtu, kuanzia waliopanga kambi mpaka Waha, wenyeji wa Kigoma, na uchoyo wao wa chumvi. Ukucha wa kidole gumba chake cha kushoto ulipasuliwa na tezo zamani, ukaota vipande viwili, na alipenda kukuonyesha ukucha huo kana kwamba ni cheti. Alikuwa anachosha, na nilimpenda.

Nilimweleza kazi: nguzo nne za mbao ngumu, zipite boliti za kawaida, nati zifungwe kwa nyuma, mambo ya vijumba vya bati tuyasahau. Alielewa kabla sijamaliza. Lakini neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa juu ya mke wake, aliyekuwa mjamzito na siku zake zimekaribia.

"Mutoto wa kwanza alizaliwa mimi niko mu pori nakata mbao," alisema. "Nikarudi, nikakuta kaburi. Huyu wa pili, ndugu, lazima anikute nimekaa mulangoni. Kazi yako iko ya siku ngapi?"

Nikamwambia siku chache. Kibali cha kumtoa kambini kilikuwa kinaisha Ijumaa. Mkimbizi aliyekutwa nje bila kibali alikuwa mkosaji: polisi, mahakama, gereza, na wengine walipakiwa kwenye boti na kurudishwa kulekule walikokimbia risasi. Hilo kila mtu alilijua, na yeye alilijua kuliko sote.

"Ijumaa niko mulangoni," alisema, akafunga tezo, randa na patasi zake ndani ya gunia.

Tulinunua mbao za mvule Kibirizi, kwa watu wa boti, baada ya ubishi uliowafanya wachuuzi wa dagaa waache mizani yao na kuja kusikiliza. Ofisini alizipiga randa uani, chumba cha mitambo chote kikanukia mvule. Akasimamisha nguzo ya kwanza ndani ya kabati, akaishika kwa mkono mmoja, kisha akagoma kuendelea.

"Mwenye chombo iko wapi?"

Nikamwambia chombo ni cha shirika. Akasema shirika halina mikono, anataka mtu. Nikaenda kumwita mkuu. Mkuu akaja akiwa na hali nzuri, maana alikuwa ametoka kusikia tarehe ya wageni, na fundi akamweleza mwenyewe, taratibu, jinsi mambo yanavyokwenda kwao.

"Boti haianzi bila mwenyewe, mukubwa. Ubao wa kwanza ukisimama, mwenye chombo anakamata nyundo, anapiga musumari wa kwanza. Anasema, fundi huyu iko wangu mpaka kazi iishe na arudi kwake. Toka pale, akikosa chakula ni juu ya mwenye chombo. Akiugua, ni juu yake. Akishikwa na watu, mwenye chombo ndiye anakuja kumutoa. Fundi hawezi kukimbia kazi, na mwenye chombo hawezi kumukimbia fundi. Hapa hakuna musumari, tutafunga boliti."

Mkuu alicheka. Alipenda sana. Alimwita karani wa habari aje na kamera, akavua koti, akapiga goti mbele ya kabati na kuchukua spana. Fundi alimshikia nguzo. Mkuu akakaza boliti ya chini kabisa, huku anatazama kamera, na akayasema yale maneno kama alivyofundishwa: "Fundi huyu ni wangu mpaka kazi iishe na arudi kwake." Karani akapiga picha. Nilikuwepo, nilisikia kila neno, na nataka ijulikane kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Nilimpa ile nguzo ya chuma iliyobaki, nikamwambia kila tundu la mbao litobolewe mahali tundu la chuma lilipo, kisha nikapanda juu ya paa kuhangaika na dishi. Alitoboa kwa keekee ya mkono, maana umeme wa mji ulikuwa haujarudi na kijenereta cha ofisi kilitosha kompyuta tu, na kutoka juu ya paa nilikuwa namsikia anaimba na kumgombeza mlinzi kwa zamu.

Nilishuka Alhamisi mchana nikakuta nguzo zote nne zimesimama. Matundu yake yalikuwa mazuri, safi, hayana hata kibanzi. Nikachukua kifaa cha kwanza, cha setilaiti, nikakifunga chini, kikaingia. Cha pili masikio yake yaligoma kidogo. Cha tatu yaligoma kabisa. Nikaileta nguzo ya chuma nikaisimamisha kando ya ya mbao.

"Fundi, matundu hayalingani."

"Ya kwangu iko sawa," alisema. "Ya kwao ndiyo mabaya."

Ni lazima nieleze, maana maisha ya mtu yaliharibikia hapa. Matundu ya nguzo za makabati haya hayaachani kwa nafasi moja. Yanaachana sawa, sawa, halafu la tatu linasogeleana na linalofuata, kisha tena sawa, sawa, na kusogeleana. Ndivyo yanavyotengenezwa kila mahali, na masikio ya vifaa yanafuata mpango huo. Fundi wangu aliliona jambo hilo kwa mtazamo mmoja tu. Lakini yeye ni mtu wa boti, na kwenye boti misumari inayokaribiana hapa na kuachana pale ni ubao kupasuka na maji kuingia. Aliona aibu kwa niaba ya kiwanda. Basi akayagawa upya yote, nafasi moja kutoka chini hadi juu, na kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mtu hakuniambia.

"Nimeyanyoosha," alisema.

"Yako hivyo dunia nzima, fundi."

"Dunia nzima?"

"Dunia nzima."

Akapitisha kidole gumba juu ya matundu ya nguzo ya chuma. "Basi wa kwanza kuyatoboa alikuwa mulevi," alisema, "na wengine wote wakamufuata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye alicheka, kisha akaacha ghafla. "Leo iko siku gani?" aliuliza, ingawa alijua.

Mbao zile hazikufaa tena. Ukitoboa tundu jipya kando ya la zamani, mawili yanaungana yanakuwa mdomo, na boliti inacheza humo. Zilihitajika mbao nyingine, randa upya, keekee upya. Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia kuna njia mbili: fundi aende zake kesho, nguzo nimalizie mimi kwa mkono wangu mbaya, au abaki amalize, lakini kibali kiongezwe leo, kabla hakijaisha.

"Abaki," alisema mkuu. "Kibali nitampigia simu mkuu wa kambi mimi mwenyewe. Hilo ni jambo dogo."

Nikarudi na jibu hilo. Fundi aliacha kuzoa maranda, akanitazama. "Amesema yeye, kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi mwenye chombo amesema."

Tukarudi Kibirizi kutafuta mbao. Alipozisimamisha nguzo mpya alitaka mkuu aje afunge boliti tena, kwa kuwa ubao ulikuwa mwingine. Nikaenda kumwita. Mkuu hakuinua macho kwenye kompyuta yake. "Mwambie aendelee tu," alisema. Fundi alilifikiria jambo hilo kwa uchungu kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akaitafuta ile boliti ya kwanza, aliyokuwa ameifunga ndani ya kitambaa alipoitoa kwenye nguzo mbovu, akaifunga yeye mwenyewe mahali pake pa chini. Mkono wa mkuu ulishaingia humo, alisema, na mkono hautoki kwa sababu ubao umebadilika.

Ijumaa ikapita. Kila gari lililotoka kambini lilipoingia uani aliacha kazi, akaenda kumuuliza dereva kama kuna habari za mke wake. Hakuna aliyejua. Usoni alibaki vilevile, anabisha na kusimulia, ila aliacha kuimba.

Alimaliza Jumatatu asubuhi. Safari hii kila sikio lililala juu ya tundu lake. Nilifunga vifaa vyote, nikavuta nyaya, nikawasha, taa za kijani zikaanza kukonyeza. Alizitazama kwa heshima kidogo, kisha akapiga mbao zake kwa kofi, akasema hizi zitabaki wakati vibuyu hivyo vya taa vimeoza. Nikaenda kuomba gari la kumrudisha. Magari yote yalikuwa yamekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni, na yakitoka huko yalikuwa na safari ya kuwatembeza Ujiji.

"Apande basi," alisema mkuu.

"Na kibali, mkuu? Tumpe hata karatasi ya ofisi."

"Nimesema nimelishughulikia. Wewe ni fundi wa nyaya au wakili?"

Nilimsindikiza kituoni. Alikuwa na haraka, hakutaka hata chai. Aliniambia mtoto akiwa wa kiume atamwita jina langu, akiwa wa kike atafikiria. Alikaa dirishani, gunia la vyombo mapajani. Kabla jioni haijaingia kondakta wa basi lile alikuja ofisini na gunia hilo. Fundi ameshushwa na polisi kwenye kizuizi cha barabarani, alisema. Kibali chake kimekufa tangu Ijumaa, na polisi walipopiga simu kambini waliambiwa hakuna mtu yeyote aliyeomba kiongezwe.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Mkuu alikuwa na wageni wake katika chumba cha mitambo. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole ili usipige kelele.

"Yule si mwajiriwa wetu," alisema nilipomaliza kueleza.

"Ulisema utapiga simu."

"Nilisema nitajaribu. Na tukianza kuwatetea wanaovunja masharti, serikali itatutazamaje?"

"Ulifunga boliti! Ulisema ni wako!"

"Fundi." Alitabasamu. Nyuma ya mlango nilimsikia mgeni mmoja anacheka na kuuliza, kwa Kiingereza, nani alipata wazo zuri hivi la kutumia mbao. "Ule ulikuwa mchezo. Wewe ni mtu mzima."

Nimekutana na watu wakatili maishani, na wengine walikuwa na silaha. Sijamchukia hata mmoja wao kama nilivyomchukia mtu yule kwa lile tabasamu.

Kesho yake nilipeleka ugali na dagaa mahabusu. Nilimkuta fundi ametawala. Alikuwa amekwisha kuwasimulia mahabusu wenzake habari za kabati, za mlevi aliyetoboa matundu ya dunia nzima, na za mwenye chombo ambaye atafika wakati wowote na gari jeupe. Nikamwita asogee kwenye nondo. Nilikuwa nimefanya mpango. Kibirizi kulikuwa na mzee mmoja wa boti, mtu wa kwao aliyepata uraia zamani na aliyeheshimika mpaka kituoni. Alikuwa tayari kuja kumdhamini na kumwombea arudishwe kambini kabla hajafikishwa mahakamani. Kilichohitajika ni fundi kukubali.

"Hapana, ndugu," alisema.

"Kwa nini hapana?"

"Mwenye chombo akifika, akute mutu mwingine amekuja mbele yake kunitoa? Huko ni kumutukana. Itakuwa nimesema mbele ya watu hana neno. Fundi akifanya hivyo, hakuna mutu atamupa tena boti."

"Haji," nilimwambia. "Nisikilize. Nimetoka kwake. Haji."

Alinitazama kwa huruma. Mimi ndiye niliyekuwa nje ya nondo na yeye ndani, na yeye ndiye aliyenihurumia. "Wewe haujui boti," alisema. "Niulizie tu muke wangu kama amezaa."

Nilirudi jioni pamoja na yule mzee wa Kibirizi, tukamsihi wawili. Alimwamkia mzee kwa adabu zote, akamshukuru kwa kupoteza muda wake, akakataa. Asubuhi akapelekwa mahakamani. Hakimu alimuuliza kwa nini alikuwa nje ya kambi, akajibu kwamba ana mwenye chombo na kwamba anamngoja. Hakimu akauliza kama kuna mtu wa shirika hilo mle ndani. Nikasimama. Akauliza kama nimetumwa na ofisi kuisemea. Nikasema sikutumwa. "Basi kaa," alisema hakimu, bila ubaya. Fundi alikuwa bado anatazama mlango wa mahakama wakati hukumu inasomwa.

Nilipeleka habari kambini kwa simu ya upepo, mke wake akaambiwa mume yuko gerezani. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba amejifungua mtoto wa kike, siku ileile ya Ijumaa. Niliipeleka habari hiyo gerezani mimi mwenyewe. Fundi aliinama, akaniuliza kama mtoto ni mzima. Nikasema mzima. Hakuuliza tena habari za mwenye chombo, siku ile wala siku nyingine yoyote niliyokwenda kumwona. Hakubisha tena na mtu, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha nikaenda siku moja na chakula changu nikaambiwa hayupo. Amemaliza kifungo, amepakiwa kwenye boti pamoja na wengine, amevushwa. Kule ng'ambo wakati huo vijiji vya pwani vilikuwa vinawaka moto. Niliuliza wamewashusha wapi, na askari akanyoosha kidole upande wa machweo, palepale alipokuwa akinyoosha bibi yangu.

Ofisini mambo yalikuwa mazuri. Wageni walisifu sana. Picha ya mkuu na kabati ilikuzwa huko Dar, ikaletwa na fremu na kioo, ikatundikwa ukumbini pale wageni wanapongojea. Chini yake waliandika maneno juu ya ujuzi wa wakimbizi. Waliikata kwanza, ili mkuu akae katikati. Kwa hiyo alionekana yeye, goti chini, spana mkononi, meno nje. Na pembeni kabisa ulionekana mkono wa mtu umeshika nguzo ya mbao. Mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Nilipita mbele ya picha ile kila siku kwenda kwenye kabati langu, na kila siku nilitukana kimoyomoyo. Kazi sikuiacha. Nilikuwa na watoto.

Mke wake alikuja mtoto alipokuwa ameanza kukaza shingo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, kinyume cha mumewe. Kibali chake kilikuwa cha kwenda gerezani kumtembelea, na gerezani walikuwa wamemwambia mtu huyo hayupo, nenda kaulize shirika lililomtoa kambini. Mlinzi alimketisha ukumbini, akaniita.

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimechuchumaa mbele yake, kwa kuwa sikuweza kumweleza nikiwa nimesimama. Hakulia. Aliuliza kama mumewe alikuwa na shati la baridi. Nikasema sijui. Nikaenda kuchukua lile gunia la vyombo, lililokaa chini ya meza yangu muda wote huo, nikamwekea miguuni. Alifungua mdomo wa gunia, akagusa randa, akagusa tezo. Kisha akainua uso na nikaona anatazama ukutani.

Alisimama akaisogelea picha. Hakumtazama aliyekuwa katikati. Aliweka kidole juu ya kioo, pale pembeni, kwenye kidole gumba chenye ukucha wa vipande viwili.

"Huyu ni yeye," alisema.

Akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua mpaka uso wake ukawa mbele ya ule mkono. Wakati huohuo mkuu alitoka ofisini kwake akielekea kwenye gari. Alimwona mwanamke na mtoto mbele ya picha yake, akafurahi.

"Karibu, mama," alisema. "Mtoto mzuri." Akapita.

Nilikwenda kuchukua bisibisi. Niliishusha picha, nikafungua fremu kwa nyuma juu ya benchi la wageni, nikaitoa karatasi yenyewe na kumkabidhi. Mlinzi aliniita jina langu mara moja, nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Nilidhani mwanamke ataikunja na kuondoka. Alinipa mtoto nimshike, akapiga magoti, akailaza picha sakafuni. Akaingiza mkono guniani na kutoa patasi ya mumewe, ambayo bado ilikuwa na makali, akaivuta juu ya karatasi kutoka juu hadi chini, mara moja, kwa mstari ulionyooka. Ule mkono aliuweka kifuani, ndani ya nguo.

Kipande kikubwa, chenye mkuu na goti lake na spana yake, alikiokota kwa ncha za vidole akanirudishia.

"Huyu mumushike ninyi," alisema. "Simujui."